Barabara ya Mbele ya Geti Lako

Hotuba hii niliitoa kwenye mkutano wa wakazi wa mtaa wetu hapa Sinza, Dar es Salaam. Wengi mlikuwa kazini, safarini au mnauguza, mkaomba niiandike. Nimeiandika kama nilivyoisema.

Ndugu Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, Ndugu Mtendaji, wajumbe, wazee wangu, kina mama, kina baba, na ninyi vijana mliosimama kule nyuma chini ya mwembe: Assalamu alaykum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Na wote ambao sikuwagusa kwa salamu hizo, habari za jioni.

Nashukuru kupewa nafasi. Mwenyekiti amenitambulisha kama muuguzi mstaafu, na ni kweli. Uuguzi na ukunga ndiyo kazi iliyokula sehemu kubwa ya maisha yangu, na wapo watu wazima hapa ambao niliwapokea kwa mikono hii siku wanazaliwa. Lakini leo sikuja kuzungumzia homa wala chanjo. Nimekuja kuzungumzia magari. Magari tunayopaki nje ya nyumba zetu, na tunayopaki nje ya nyumba za wenzetu.

Najua yupo anayejiuliza moyoni: na hili nalo ni la kuitia mkutano? Nakujibu, ndugu yangu: ndiyo. Muulizeni Mwenyekiti ni ugomvi gani unaogonga mlango wake saa tano za usiku. Si mashamba, si mirathi. Ni "njoo umwambie fulani atoe gari lake getini kwangu."

Basi nianze kwa kuuliza. Ile sehemu ya barabara iliyo mbele ya geti lako ni ya nani?

Msijibu haraka. Nasikia mnaguna, kwa sababu kila mmoja ana jibu lake. Wengi tunaamini ni yetu. Tunaifagia kila asubuhi. Masika yakija tunanunua kifusi kwa fedha zetu tunajaza mashimo. Tumepanda maua pembeni, tumezibua mfereji. Sasa baada ya kazi yote hiyo jirani anakuja anapaki pale, anafunga milango, anaondoka bila hata salamu. Roho inauma. Nakubali, inauma.

Na wapo wanaoamini kinyume chake: pale ni barabara, barabara haina mwenyewe, kwa hiyo naacha gari ninapotaka, kwa muda ninaotaka, na asiniulize mtu.

Wote wawili wamekosea. Mwenye nyumba amekosea, na mwenye gari amekosea.

Kiwanja chako kinaishia kwenye bikoni, yale mawe ya mpaka. Nenda kachukue hati yako, au barua ya toleo, utaona mchoro. Ng'ambo ya bikoni ni barabara, na barabara ni mali ya umma. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ipo, na tangu mwaka 2017 barabara zetu hizi za mitaani ziko chini ya TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini. Kifusi ulichomwaga ni wema wako, na Mungu akulipe, lakini hakikukupa hati ya barabara. Huna haki ya kumfukuza mtu aliyepaki kando ya ukuta wako bila kumzuia yeyote.

Lakini sikiliza upande wa pili. Kuingia kwako na kutoka kwako ni haki yako. Hakuna jirani, hakuna mgeni wa jirani, hakuna mteja wa baa, hakuna mheshimiwa, mwenye haki ya kukufungia geti. Hata dakika kumi. Hata kama ameacha taa za hatari zinawaka. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haikumpa mtu ruhusa ya kuacha gari mahali linapozuia wengine, na kuwasha taa za hatari hakubadilishi sheria.

Niwasimulie jambo lililotokea hapahapa mtaani. Sitataja nyumba, na anayeijua nyumba hiyo namwomba asiitaje.

Walikuwepo majirani wawili wanaotazamana. Watu waliokuwa wakipelekeana futari, watu ambao watoto wao walikula sahani moja. Mmoja akanunua gari la pili. Ndani hakuna nafasi, akawa analaza gari la pili ng'ambo, kando ya ukuta wa mwenzake. Mwenzake hakusema neno. Alikaa kimya, siku nyingi, akiumia. Siku moja akaweka mawe mawili makubwa na tairi lililojazwa zege, katikati yake kasimamisha bomba la chuma. Mwenye gari alipoyakuta hakuuliza. Usiku akayasukuma kando, akapaki. Asubuhi tairi zake mbili hazina upepo. Nani ametoa? Hakuna aliyeona. Wake zao wakaacha kusalimiana. Watoto wakakatazwa kuvuka.

Halafu ukaingia msiba. Nyumba moja ilifiwa. Turubai likafungwa, watu wakaja kutoka Tabata, kutoka Mbagala, kutoka Morogoro. Na jirani wa kutazamana naye, mtu ambaye geti lake liko hatua chache tu kutoka kwenye jeneza, hakuvuka barabara. Nilimwona kwa macho yangu amesimama ndani ya geti lake, anasikiliza vilio. Alitaka kuja. Nawaambia alitaka kuja. Miguu ilikataa kwa sababu ya mawe mawili na tairi la zege.

Na mawe yale hayakuishia kwenye chuki. Usiku mmoja umeme umekatika, kijana wa bodaboda akayavaa. Mfupa wa bega ukavunjika. Nilimfunga mkono kwa khanga hadi alipopelekwa hospitali. Kijana wa watu, anatafuta riziki, hakuwa na ugomvi na yeyote.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni hili, na nalisema bila kupepesa: mawe, mapipa, matairi ya zege na vyuma vilivyochomekwa barabarani viondolewe. Vyote. Hata vya nyumbani kwa mjumbe. Hata vya nyumbani kwa mtu mkubwa.

Sasa tuulizane tulifikaje hapa, maana vijana wanadhani mtaa ulikuwa hivi siku zote.

Wazee mnakumbuka. Sinza ilipimwa miaka ya 1970, katika ule mpango wa viwanja na huduma uliokopeshewa fedha na Benki ya Dunia. Sinza, Kijitonyama, Mikocheni. Mtu wa kipato cha kawaida anapewa kiwanja kilichopimwa, barabara imechongwa, ajijengee mwenyewe polepole. Ulikuwa mpango mzuri, na ndiyo maana leo mitaa yetu imenyooka kuliko mitaa mingi ya jiji hili. Lakini nani miaka ile alikuwa na gari? Gari lilikuwa la ofisi, la shirika, la daktari. Na hata aliyekuwa nalo, mnakumbuka ile marufuku ya kuendesha magari binafsi Jumapili mchana kwa sababu ya uhaba wa mafuta? Waliochora barabara hizi walichora kwa ajili ya watu wa miguu, baiskeli, mkokoteni, na gari moja moja.

Kisha biashara ikafunguliwa, magari ya mitumba yakaja. Jiji likakua. Sensa ya mwaka 2022 ilitukuta zaidi ya milioni 5.3 katika mkoa huu. Nyumba iliyojengwa kwa familia moja sasa ina wapangaji sita, na kila mpangaji anajitahidi, anajinyima, ananunua IST yake, Vitz yake, Passo yake. Sioni ubaya. Nafurahi ninapomwona binti aliyeanza kwa kuuza maandazi anaendesha gari lake mwenyewe. Shida si kununua gari. Shida ni swali ambalo hakuna anayeliuliza kabla ya kununua: litalala wapi?

Hapo nataka niwaguse kidogo wenye nyumba, na mimi ni mwenye nyumba, kwa hiyo nasema na wenzangu. Ua ulikuwepo. Wengi wetu tulikuwa na ua. Tukajenga vyumba vya uani, tukajenga fremu za maduka mbele, tukaziba kila futi ya kiwanja, tukachukua kodi ya miezi sita. Mpangaji akiuliza "gari nitaweka wapi, mama?" tunamjibu: "Si hapo nje, baba." Hapo nje ni kwa nani? Tunapokea kodi ya mahali ambapo si petu. Mpangaji anatukanwa na majirani, sisi tumelala. Si haki. Mwenye nyumba anayepangisha bila nafasi ya gari amwambie mpangaji ukweli kabla hajalipa, na akiona ugomvi umeanza, atoke yeye kwanza, asimsukume mpangaji mbele.

Sasa niwaambieni habari ya magari yenu, mnisikilize vizuri.

Magari mengi yaliyopaki nje ya ukumbi huu yametoka Japani. Mengine ukiyawasha bado yanakusemesha Kijapani. Je, mnajua kwamba gari hilohilo, lilipokuwa kwao, halikuweza kusajiliwa kabla mwenyewe hajaonyesha litalala wapi? Japani wana sheria ya mwaka 1962 kuhusu jambo hili. Unataka gari? Sawa. Nenda polisi na ramani ya mahali utakapolipaki. Mahali penyewe pasizidi kilomita 2 kutoka nyumbani. Kama si pako, lete ridhaa ya mwenyewe. Polisi wanathibitisha kwamba nafasi ipo na gari linaenea, ndipo wanakupa hati, na bila hati hiyo karibu nchi nzima hupati usajili. Na huruhusiwi kulaza gari barabarani usiku kwa zaidi ya saa nane. Walikuwa na stika kabisa ya kuonyesha kwamba gari lina mahali pake, ikibandikwa kwenye kioo cha nyuma. Stika hiyo wameiacha mwaka 2025, ila sheria ya nafasi ipo palepale. Baada ya mkutano tazameni vioo vya nyuma vya magari yenu. Wapo ambao stika ya duara yenye maandishi ya Kijapani bado iko pale, hawajawahi kuibandua.

Fikirini hilo. Gari lililokuwa na mahali pake limevuka bahari, limeshuka bandarini hapa, limelipiwa ushuru, limefika Sinza, likakosa mahali.

Sisemi tuige Japani kesho asubuhi. Wana treni zinazofika kwa dakika, sisi tunasukumana kituoni Shekilango. Lakini lile swali lao ni zuri, halina gharama, na hatuhitaji Bunge ili tuliulize: litalala wapi? Baba ukimnunulia mwanao gari, muulize. Binti ukichukua mkopo wa gari, jiulize. Na jibu "mbele ya geti la fulani" lisiwe jibu.

Naja sasa kwenye jambo lililonitoa nyumbani leo. Hapa naomba utulivu.

Wakunga tunafundishwa kwamba mama mjamzito hufa kwa kuchelewa, na kuchelewa kuko kwa aina tatu. Kuchelewa kuamua kwenda hospitali. Kuchelewa kufika. Na kuchelewa kuhudumiwa akishafika. Mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kupoteza maisha ndani ya muda wa saa mbili tu. Anayevuja kabla ya kujifungua naye hana muda wa kupoteza. Miaka yote niliyofanya kazi, tulipolizungumza lile la pili, kuchelewa kufika, tulikuwa tunawaza vijijini. Mto umejaa. Daraja limevunjika. Hospitali iko mbali. Sikuwahi kufikiri nitaliona Sinza, mahali ambapo hospitali ya Palestina iko jirani.

Familia imeniruhusu nisimulie. Ilikuwa masika, usiku. Niligongewa mlango: mama mmoja wa mtaa wetu, mimba imefika mwezi wa nane, anatoka damu. Nilipomwona nilijua si ya kusubiri. Mumewe alishampigia dereva anayemfahamu, na dereva alikuja upesi, Mungu ambariki. Akafika kwenye kona yetu, akakwama. Noah iko upande huu, IST upande ule, na gari la tatu, limepaki kwenye kona yenyewe, pua barabarani. Dereva akapiga honi. Akapiga honi. Watu wakatoka madirishani wakamtukana wakidhani ni mlevi. Tukazunguka na tochi ya simu tukiuliza: la nani hili? La nani hili? Hakuna aliyejua. Tukaenda baa, tukazima muziki, tukatangaza namba ya gari. Hakuna.

Tukambeba. Vijana wanne, kila mmoja kashika pembe ya blanketi, maji ya mvua yamefika magotini, mimi natembea pembeni nimeshika mkono wake namwambia usilale, mwanangu, usilale, hadi barabara kubwa.

Mama alipona. Yuko hapa leo. Mtoto hatukumpata.

Sitasimama hapa niseme gari lile ndilo lililomuua mtoto. Kazi yangu imenifundisha kutosema nisichoweza kukithibitisha, na damu ya namna ile huweza kumchukua mtoto hata mama akiwa tayari wodini. Ninachokisema ni kile nilichokiona: tulikuwa na gari, tulikuwa na dereva, tulikuwa na hospitali karibu, na tulisimama kwenye mvua tunauliza la nani hili.

Mwenye gari alikuja kulichukua asubuhi. Alikuwa amelala nyumba ya tatu kutoka kwenye kona. Si mtu mbaya. Hakusikia. Namba yake hakuna aliyekuwa nayo.

Ndugu zangu, siku hizi serikali ina mfumo wa m-mama, mjamzito au aliyejifungua akipata dharura mnapiga 115 bila malipo, gari linatafutwa. Zimamoto mnapiga 114. Namba hizo zipo, na magari yapo. Lakini gari likija, litapita wapi?

Tumechukua tepu, mimi na vijana watatu, tukapima barabara yetu sehemu yake nyembamba, kutoka ukuta hadi ukuta. Mita 6. Haya, tupige hesabu pamoja. Gari dogo la Kijapani kama IST lina upana wa karibu mita 1.7. Yakipaki mawili yakitazamana, yameshakula mita 3.4. Hakuna anayepaki amegusa ukuta. Ondoa tena kama sentimita 20 kila upande. Inabaki mita 2.2. Gari la zimamoto lina upana wa takriban mita 2.5, bado vioo vyake vya pembeni. Halipiti. Si kwamba litapita kwa shida. Halipiti. Nyumba itaungua mkiwa mnaiona taa nyekundu inazunguka pale barabara kubwa.

Sasa tukipaki upande mmoja tu? Inabaki zaidi ya mita 4. Zimamoto inapita. Gari la wagonjwa linapita na milango inafunguka. Boza la maji linapita, gari la taka linapita. Mnajua kwa nini taka zilikaa hapa hadi zikatoa funza mwezi ule? Gari la taka lilikuja, likakuta njia imebanwa, likarudi. Tukamlaumu dereva.

Na kona. Jamani, kona. Acheni urefu wa gari moja na zaidi kila upande wa kona pawe wazi, usiku na mchana. Gari refu haligeuki mahali ambapo Vitz inageuka.

Nataja watoto kwa ufupi tu, kwa sababu kila mzazi ameshaliona hili. Mtoto anayetoka mbio katikati ya magari mawili yaliyopaki haonekani. Dereva wa bajaji hamwoni hadi awe mbele ya tairi. Tunapojaza magari pande zote mbili tunawanyima watoto mahali pa kucheza, na tunamnyima dereva nafasi ya kumwona mtoto.

Kuna wanaoniambia: mama, unasema rahisi, lakini nikiliweka gari mbali litaibiwa. Nakuelewa. Nakuelewa kabisa. Tumeibiwa sait mira, tumeibiwa taa, tumeibiwa betri. Mtu aliyenunua gari kwa mkopo anataka afungue dirisha alione. Hofu hiyo ni ya kweli, na ndiyo inayofanya mtu abanane getini kwa mwenzake kuliko kwenda hatua mia moja. Basi tusiibeze, tuitafutie dawa. Ulinzi shirikishi tunao, vijana wetu wanazunguka usiku. Tunachanga, ingawa wengine mnachanga mkikumbushwa sana. Napendekeza tuzungumze na wenye ule uwanja wa kanisa na wenye ile yadi iliyo wazi karibu na msikiti, magari yalale pale kwa mchango mdogo wa mwezi, na mlinzi mmoja akae palepale hadi alfajiri. Mzee wa kanisa nimeshamgusia, hakukataa. Imamu ameniambia nimletee watu wakae wazungumze. Gari likilala penye mlinzi na taa, mwenyewe atalala.

Na hili la baa na saluni. Wenye biashara mpo hapa, nawaona, na nawashukuru kwa kuja. Mteja wako ni mgeni wetu. Hajui geti la nani, hajui kona ipi ni ya dharura. Wewe unajua. Mweke kijana mmoja jioni za Ijumaa na Jumamosi awaelekeze pa kupaki, aandike namba ya gari na namba ya simu kwenye daftari. Ukiweza kumlipa mpiga muziki, huyu pia unamweza.

Misiba na harusi ni jambo jingine. Hatutaacha kufunga maturubai barabarani, kwa sababu hatuna ukumbi mwingine wa kulia na kufurahi pamoja, na mimi sitaki mtaa ambao mtu hawezi kuzikwa na majirani zake. Lakini anayefunga turubai atoe taarifa kwa Mwenyekiti, na njia moja ya kuzunguka ibaki wazi, bila gari hata moja, hadi turubai lifunguliwe.

Niseme sasa kuhusu vinywa vyetu, kwa maana naona hapa ndipo penye ugonjwa.

Jirani akikupakia vibaya, unafanya nini? Wengine tunapiga honi hadi mtaa mzima uamke. Wengine tunatoa upepo. Wengine tunachora rangi kwa msumari. Nimeliona gari la kijana mmoja limechorwa kutoka mlango wa mbele hadi taa ya nyuma, na deni lake benki bado. Wengine tunaandika maneno makali kwenye kundi la simu la mtaa, watu wote wasome, isipokuwa mwenye gari ambaye hayumo kwenye kundi. Ni wangapi tunagonga mlango? Ni wangapi tunasema: "Shikamoo baba, samahani kukusumbua, gari lako limenibana kidogo"?

Kuna mpangaji alihamia nyumba ya pembeni yangu, kijana wa Mbeya, anafanya kazi za usiku. Siku ya kwanza tu alikuja kubisha hodi, mkononi ana karatasi. "Shikamoo mama. Mimi ni jirani yenu mpya. Gari langu ni lile jeupe. Ndani hakuna nafasi, naomba niwe napaki pale kwenye ukuta wako, mbali na geti. Hii ni namba yangu. Mkitaka nitoe saa yoyote, hata nimelala, pigeni." Akaenda nyumba ya pili, na ya tatu, vilevile. Na kwenye dashibodi yake, nyuma ya kioo cha mbele, ameandika namba hiyohiyo kwa kalamu nzito. Gari lake limelala nje ya ukuta wangu hadi leo. Sijawahi kulichukia. Alipougua malaria mimi ndiye niliyempikia uji. Tofauti ya gari lake na yale mengine ni nini? Ni chuma kilekile, kwenye ukuta uleule. Yeye aliomba.

Kwa hiyo kila gari linalolala nje mtaani kwetu liwe na namba ya simu inayoonekana kwenye kioo cha mbele. Namba inayopatikana usiku. Usiandike namba ya laini uliyoitupa. Kama unaogopa kuweka namba yako hadharani, kama dada mmoja alivyoniambia, na ana sababu nzuri, andika namba ya nyumba unayokaa, tutakuja kugonga. Na daftari la magari ya mtaa liwe kwa Mwenyekiti, lisasishwe kila mpangaji akihama na kuhamia.

Najua tukipaki upande mmoja nafasi zitapungua. Sitawadanganya. Watakaokosa watalazimika kutembea usiku kutoka uwanjani hadi nyumbani, mvua ikinyesha watalowa, na watakaorudi wamechoka wataona tunawaonea. Naombeni tuanze na sisi wenye ua. Nimeongea na wanangu: kile chumba cha uani kilichokuwa stoo kinabomolewa, magari mawili ya wapangaji wangu yataingia ndani. Anayeweza kufanya hivyo afanye, ili nafasi za nje wabaki nazo wale wasio na namna. Wazee wasioweza kutembea na wenye ulemavu wapewe nafasi ya karibu na milango yao, na hilo tusibishane.

Ndugu Mwenyekiti, hoja zangu ni hizi hapa, nimeziandika kwenye karatasi na nakukabidhi: vizuizi vyote viondolewe barabarani ndani ya wiki mbili, tupaki upande wa kushoto tu kuanzia kwenye duka la dawa hadi mwisho wa mtaa, kona ziwe wazi, na kila gari liwe na namba. Rangi ya kupaka alama kwenye kona vijana wamesema watapaka wenyewe wakinunuliwa kopo. Kopo nalitoa mimi. Naomba hoja hizi zipigiwe kura sasa, watu wakiwa bado wamekaa, kabla hatujasimama kwa sala.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.